Redi doti na magnifaya kwenye AR-15, nianzie wapi?

MkulimaTX: Wakuu salama? Niko Texas, jirani shamba lake linachimbuliwa vibaya na nguruwe mwitu kaniambia nije niwapunguze (tangu 2019 kwenye shamba la mtu ukiwa na ruhusa yake huhitaji hata leseni ya uwindaji kwa hawa nguruwe). Bunduki ni AR-15, wengi wanatokea yadi 30 mpaka 150. Nataka redi doti (kile kilengeo chenye kitone cha mwanga) halafu nyuma yake magnifaya (lenzi ya kukuza) ya 3x ile ya kukunjia pembeni. Nikishaweka magnifaya naziro upya, yaani narekebisha tena risasi igonge pale kitone kilipo? Na mbona dukani kitone nakiona kama nyota yenye miiba, ni kibovu?

Shabaha_Safi: Mkuu anza na hiyo nyota kabla hujatoa hela. Piga picha ya kitone kwa simu, picha ikitoka duara safi basi tatizo ni jicho lako, ni astigmatizimu (umbo la jicho haliko sawasawa, mwanga unatawanyika), watu wengi sana wanayo. Njia nyingine laza kichwa upande, miiba ikizunguka na kichwa ujue ni jicho. Sasa magnifaya inakuza kila kitu, na hiyo miiba pia inakua. Punguza mwanga wa kitone kwanza, vaa miwani yako kama unayo, ikigoma nenda kwenye prizimu ya 3x (skopu fupi inayokuza mara tatu), ile alama yake ya kulengea imechongwa kwenye kioo kwa hiyo macho ya namna hiyo huwa yanaiona vizuri na batri ikifa bado unalenga.

DadaMlengaji: Kuhusu kuziro, kaka, ziro redi doti peke yake, magnifaya ikunje pembeni au itoe kabisa. Risasi inafuata kitone, magnifaya haihamishi kitu. Zile skrubu za kwenye magnifaya kazi yake ni kukileta kitone katikati ya duara unaloliona basi, usiziguse ukitegemea risasi itahama maana utamaliza boksi zima na hutaelewa kinachoendelea.

Mimi naziro yadi 50, kwa 5.56 (saizi ya kawaida ya risasi za AR-15) risasi inarudi kwenye mstari wa kulenga karibu na yadi 200 na hapo katikati haipandi zaidi ya inchi mbili hivi. Kliki nyingi za skrubu za redi doti ni nusu MOA (MOA ni kipimo cha pembe, kama inchi moja kwa yadi 100), yadi 50 hiyo ni robo inchi, kwa hiyo ukipiga chini inchi mbili unapanda kliki 8. Piga tatu tatu ukiwa umeegemea begi, rekebisha kwa kuangalia katikati ya kundi usifukuze risasi moja.

Maunti (vishikizo vya kufungia) zote mbili zikae kwenye reli ya risiva (mwili wa bunduki), usiweke moja kule mbele kwenye hendigadi (pale mkono wa mbele unaposhika), na urefu wake ulingane. Magnifaya nyingi zinataka jicho liwe karibu, inchi mbili na kidogo, kaa mkao wako wa kawaida ndio uisogeze.

Kijana_wa_Houston: Mi ningechukua skopu ya 1-6x tu, kioo kimoja na yadi 150 unaona sikio la nguruwe.

DadaMlengaji: Ni nzuri, ila nyingi ni nzito kuliko redi doti tupu, na nguruwe wakitimka yadi 30 kitone hakikubani mahali pa kuweka jicho.

MkulimaTX: Nimepiga picha, kitone ni duara kabisa. Kumbe ni macho. Naenda kupima miwani kwanza, magnifaya isubiri.