Pumba za mpunga badala ya makaa ya mawe kwenye tanuru la saruji

Swali: Wakuu, Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa, Ratcliffe, tarehe 30 Septemba 2024. Sisi wa saruji je? Pumba za mpunga zinatosha?

Jibu 1: China peke yake inachoma zaidi ya nusu ya makaa yote duniani, soko halifi kesho. Pumba: kilo moja hutoa megajuli 13–15, makaa mazuri 25 hivi. Kwa hiyo piga hesabu ya karibu kilo 1.8 za pumba kwa kilo 1 ya makaa. Kinachoumiza ni usafiri. Mita moja ya ujazo haifiki kilo 150, lori linabeba hewa.

Jibu 2: Usisahau majivu, karibu asilimia 20, mengi yakiwa silika (madini yaleyale ya mchanga). Kwenye boila yanakwangua mabomba. Kwenye tanuru yanaingia ndani ya klinka (vinundu vinavyosagwa kuwa saruji), kwa hiyo punguza mchanga kwenye malighafi, la sivyo chokaa haitoshi na saruji inakosa nguvu. Pumba zilishe kwenye kalsaina (chumba cha kuchoma malighafi kabla ya tanuru, nyuzi 900 hivi), bana kuu (kichomeo cha tanuru lenyewe) iachie makaa. Zikilowa zinaziba mlisho.

Muulizaji: Na hewa ukaa?

Jibu 2: Karibu asilimia 60 inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, uchome chochote. Hapo punguza klinka, ongeza pozolana (kama majivu ya volkano).