Wananiambia remorke (trela) yangu iko kwa "kaptivu" ya Vermont, Leta (serikali) gani inaichunga?

Papa_Remorke, Lubumbashi:
Wakubwa kwa wadogo jambo, naomba munisaidie ju kichwa kinauma. Niko na kamiyo mbili, nabebea sosiete moja ya mine mizigo kutoka Kolwezi mpaka Kasumbalesa, kontra iko mwaka wa pili. Remorke yangu moja ilianguka karibu na Likasi, shofere alipona, Mungu asifiwe, lakini shasi imepinda na ubavu wa kushoto umefunguka sawa mkebe wa sardini. Nikapeleka papie zote, picha, proseverbali ya polisi wa rulaji. Biro ya ile sosiete ya mine ikajibu eti asiransi (bima) ya grupe yao iko kwa kaptivu kule Vermont, Marekani, nisubiri. Ni miezi mitano sasa, remorke imelala kwa parseli, watoto wa jirani wanapanda juu wanacheza, na deni ya benki nalipa kila mwezi.

Sasa hii kaptivu ni asiransi ya kweli ao ni jina tu? Leta ya kule inaichunga? Nilalamike wapi? Na siye wenye kamiyo tukijikusanya, hatuwezi kufungua ya kwetu?

Mama_Kontable:
Pole sana kaka. Nimefanya hesabu kwa watu wenye hizo mambo, acha nieleze polepole. Kaptivu ni sosiete ya asiransi kabisa, ila mwenye kuifungua njo yule yule anayekatiwa asiransi. Grupe inalipa primu (pesa ya kukata asiransi) kwa sosiete mtoto wake mwenyewe, mwaka ukipita bila ajali pesa zinabaki nyumbani. Jina lenyewe lilitoka Ohio miaka ya 1950, mtu wa asiransi anaitwa Frederic Reiss alikuwa anahudumia kiwanda cha chuma chenye mine zake, mine ambazo mawe yote yalienda kwa kile kiwanda peke yake, zikaitwa mine za kaptivu, naye akachukua lile neno akaita nalo asiransi ya namna hii. Siye watu wa mine hapa tunaelewa haraka.

Kuhusu Leta: Marekani asiransi haichungwi na Washington, tangu sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945 kila jimbo linachunga lenyewe. Vermont ilitoa sheria ya kaptivu 1981 na mpaka leo imetoa laisensi zaidi ya 1,000. Na si laisensi ya kununua sokoni, unapeleka mpango wa kazi, unaonyesha mtaji, kwa kaptivu ya mwenyewe mmoja ni dola 250,000 kwa uchache, kila mwaka hesabu zinapitiwa na mkaguzi wa nje, mtaalamu wa hesabu za asiransi anasaini kwamba akiba inatosha, na halmashauri inakaa mkutano kule kule Vermont hata mara moja kwa mwaka. Wakaguzi wa jimbo wanaweza kuja kufungua vitabu.

Lakini sikia hapa vizuri ju hapa njo penye shida yako. Ile sheria ni nyepesi kuliko ya asiransi ya kawaida, na sababu ni kwamba anayeuza na anayenunua ni mtu mmoja, hakuna raia wa kudanganywa. Bei ya primu jimbo haliingilii sana, na kaptivu haimo katika ule mfuko wa dhamana unaolipa watu sosiete ya asiransi ikianguka. Mchungaji wa Vermont anaangalia kama kaptivu itaweza kulipa madeni yake. Wewe wa Katanga hakujui. Tena kaptivu ya namna hii inakatia mwenyewe na matawi yake, mtu wa nje kama wewe inaweza kumkatia tu kama kontra inasema hivo na mwenyewe ndiye anasimamia usalama wa ile kazi yako. Sasa uliza: jina lako limo kwa polisi, yaani ile papie ya asiransi, ndiyo ao hapana?

Mzigo_Safi:
Miye naona hizo kaptivu ni za kukwepa kodi tu.

Mama_Kontable:
Ziko za namna hiyo kweli, zile ndogo, sheria ya kodi ya Marekani kifungu 831(b) inazisamehe kodi ya primu, kuanzia 2017 kikomo kilipanda mpaka dola milioni 2.2 kwa mwaka, na watu wa kodi wamepelekana mahakamani sana nao. Lakini jimbo linachunga asiransi, kodi ni ya serikali kuu. Tusichanganye, kaka anatafuta remorke yake.

Avoka_Kenya (si Kenya ya Nairobi, komini yetu):
Dada amesema vizuri, naongeza ya huku kwetu. Tangu SONAS, sosiete ya asiransi ya Leta, ianzishwe 1966 ilikuwa peke yake, sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua soko na ikaleta ARCA, ofisi ya Leta ya kuchunga asiransi. Sheria hiyo inasema kitu chenye hatari iko Congo kinakatiwa asiransi kwa sosiete yenye ruhusa ya hapa. Sasa kaptivu inaingiaje? Inapitia nyuma. Sosiete ya hapa inaandika polisi, kisha hatari inaisukumia kaptivu kwa njia ya reasiransi, yaani sosiete ya asiransi nayo inajikatia asiransi kwa ingine. Yule wa mbele, sosiete ya hapa, njo mwenye deni na wewe, hawezi kukuambia subiri Vermont, mambo yake na Vermont ni yake. Tafuta jina lake kwa papie, mwandikie barua, apige muhuri kwa kopi yako, akinyamaza peleka ARCA.

Kufungua yenu: Vermont ziko kaptivu za vyama. Hapa mutaomba ruhusa sawa sosiete yoyote ya asiransi, ao muende kwa njia ya mituele (chama cha watu wanaokatiana asiransi wenyewe), na yenyewe ARCA inaichunga. Kamiyo ishirini hazitatosha.

Papa_Remorke:
Asante sana wote. Nimetoka kufungua ile papie saa hii na tochi ya simu. Juu kuna logo ya grupe, njo nilikuwa naiangalia siku zote. Chini kabisa, herufi ndogo, kuna jina la sosiete ya hapa hapa na adresi ya katikati ya mji, na kwa ukurasa wa pili kuna liste ya magari, nambari ya remorke yangu imeandikwa, tarakimu moja wamekosea. Kesho asubuhi saa mbili niko kwa mlango wao na barua, kopi mbili.