Kampuni ya saruji yenye alama za juu za uendelevu: faida ipo kweli?

Mwekahazina_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina akiba tunataka tununue hisa. Katibu ameleta kampuni ya saruji yenye alama za juu za ESG (mazingira, jamii na utawala bora), anasema kampuni safi ndiyo yenye gawio la uhakika. Pesa za watu ziko mikononi mwangu, sitaki kubahatisha. Kwa viwanda vichafu kama hivi, alama na faida vinaendana?

MzeeTanuri: Mwekahazina, pole na jukumu. Nimekaa kwenye tanuri la klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, miaka 19. Tanuri linapika mawe ya chokaa mpaka nyuzi 1450 hivi, na pesa nyingi zinaishia kwenye mkaa wa mawe na umeme. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa inatoka kwenye jiwe lenyewe, siyo kwenye mkaa. Kiwanda kikipunguza klinka na kuongeza pozolana (kama majivu ya volkano), hewa chafu inashuka na bili ya mkaa inashuka nayo. Hapo usafi na faida ni ndugu wa tumbo moja.

Vumbi ni habari nyingine. Chujio linakula umeme na haliingizi hata shilingi. Nilipokuwa kazini, usiku lilikuwa linazimwa. Asubuhi mwembe wangu mweupe majani yote, mke wangu anafua upya nguo alizoanika jana. Mwaka uleule ripoti ya kampuni ilijaa picha za miche, na gawio likawa nono. Iliniuma, inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo waulize klinka ni asilimia ngapi ya saruji yao, na vumbi linapimwa saa 24 au siku ya ukaguzi tu.

Neema_Hisa: Naongezea kwa Mzee. Hata watoa alama hawakubaliani. Watafiti Berg, Kölbel na Rigobon walilinganisha sita kati yao (2022), uwiano wa alama ukawa 0.54 kwa wastani, ambapo 1 ni kukubaliana kabisa. Tena MSCI, mmoja wa watoa alama, huipima kampuni na wenzake wa sekta ileile, kwa hiyo mwenye nafuu kati ya wachafu anapata herufi nzuri. Volkswagen iliwekwa kileleni mwa sekta ya magari kwenye faharasa ya uendelevu ya Dow Jones (orodha ya hisa za kampuni zinazohesabiwa safi) Septemba 2015. Mwezi huohuo udanganyifu wa moshi wa dizeli ukafichuka, hisa zikaporomoka.

Mwana_Kisauni: Msisahau Bamburi, kiwanda cha saruji cha Mombasa. René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo makavu mwaka 1971, majongoo wakageuza majani yake kuwa udongo. Wakati huo nani alikuwa anatoa alama?

Mwekahazina_Tanga: Asanteni sana. Mzee, kiwandani wataniruhusu kuona kipimo cha vumbi?

MzeeTanuri: Wasipokuruhusu, zunguka upande unakoelekea upepo, asubuhi na mapema kabla watu hawajafagia. Pitisha kidole kwenye jani la mwembe. Na waulize kina mama wanaoanika nguo.

Mwekahazina_Tanga: Jumamosi naenda na katibu.