Wauza wiki za likizo Durban: tupokee zawadi yao, tukatae njiani, au tutie sahihi kisha tufute?

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu wote. Mwezi wa saba tunarudi Durban, mimi, bwana yangu na watoto watatu, na safari hii nataka tuamue mapema jambo lililotuharibia siku nzima mwaka jana.

Mnawajua wale vijana wa kando ya bahari wenye karata za kukwaruza? Ni wa wale wauza wiki za likizo: unalipa, kisha kila mwaka una wiki yako moja ya kukaa katika nyumba ya likizo. Mtoto wetu wa kati alikwaruza, akashinda. Baadaye nilikaa nikawatazama: kila familia iliyopita pale ilishinda. Zawadi ilikuwa kulala hotelini siku mbili bure, kwa sharti kwamba baba na mama waje pamoja kunywa chai na kusikiliza maelezo ya dakika 90. Tuliingia asubuhi, tukatoka jua limeshapinda. Muuzaji wa kwanza alikuwa binti mpole, akamwita bwana yangu Papa, akauliza majina ya watoto na kuyaandika. Wa pili alileta hesabu. Wa tatu, mkubwa wao, aliingia mwishoni na kushusha bei kutoka randi 140,000 hadi 60,000 kwa wiki moja ya kila mwaka, leo tu, tukivuka mlango imekwisha. Bwana yangu alishika kalamu. Kilichotuokoa ni karta ya banki: ilikuwa na kikomo cha siku, malipo ya kwanza yakakataa.

Nimejiuliza sana kwa nini hatukuinuka mapema. Naona ni malezi yetu. Tulikuwa tumekula kwao. Kwetu hauli chakula cha mtu ukamkunjia uso na kuondoka. Bwana yangu alisema mara nne "tutafikiria kwanza", na kwetu neno hilo ni hapana ya heshima. Wao walilisikia kama mlango ulioachwa wazi.

Sasa kuna anayeniambia tuende tuchukue zawadi tu, mwingine tukatae barabarani, na shemeji yangu anasema hata ukitia sahihi unaweza kufuta. Waliopitia, nisaidieni.

Kijana wa Kampemba

Mama, heshima. Mimi niko upande wa kwenda, lakini kwa masharti. Karta ya banki inabaki hotelini. Kabla ya kukaa unauliza zawadi ni nini hasa, na unasoma maandishi yake, hata yale madogo ya chini. Dakika ya 90 ikifika unasimama, unaomba zawadi yako ukiwa umesimama. Mtu aliyesimama ni vigumu kumfungulia kitabu kingine.

Nitasema ukweli pia: zile siku mbili za hoteli sikuzitumia. Zilitaka uandikishe miezi miwili mbele, katikati ya juma, na mimi nilibakiwa na siku tisa tu za viza. Kwa hiyo kama zawadi ni tiketi za kuingia mahali leo leo, nenda. Kama ni karatasi ya baadaye, achana nayo.

Mama Nguba, Bukavu

Mdogo wangu wa Kampemba, nakupenda lakini hapo sikubaliani nawe. Uko peke yako, una saa moja na nusu za kutupa. Mwenye watoto watatu hana. Hesabu nauli, hesabu viza za watu watano, kisha ugawe kwa siku mlizokaa. Asubuhi moja pale baharini ni pesa nyingi kuliko tiketi wanayokupa.

Mama wa Katuba, hilo la chakula umeligusa penyewe. Ndiyo maana mimi sikai. Mimi na bwana yangu tuliafikiana nyumbani, kabla ya kufunga mizigo, maneno mawili: "Hapana, aksanti." Hakuna sababu baada yake. Ukisema huna muda, watakupangia kesho. Ukisema huna pesa, wataleta malipo ya miezi 36. Watu wengine hudanganya kwamba bwana hayuko, kwa sababu wanajua wauzaji wanataka wote wawili mezani ili asiwepo wa kusema "ngoja nimuulize mwenzangu". Mimi sitaki kudanganya mbele ya watoto wangu kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Na watoto nao wafundishwe. Wauzaji wanaanza na wao.

Mwana Himbi, Bruxelles

Salamu kutoka Matonge. Nyumbani kwetu ni Goma, lakini haya nimeyakuta Tenerife, kisiwa cha Hispania, nilipokwenda na familia ya kaka yangu. Karata ileile, chai ileile. Jueni kwamba biashara hii, wanavyosema wengi, ilianzia Ufaransa, kwenye milima ya Alpes, kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Superdévoluy, mwaka 1967. Wazo la mwanzo halikuwa baya: badala ya kukodi chumba kila mwaka, nunua sehemu yako ya nyumba, wiki yako.

Ulaya sheria imewabana. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 linakupa siku 14 za kujiondoa bila kutoa sababu, na katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kuchukua hata senti. Akikuomba malipo ya kwanza palepale mezani, ameshavunja sheria. Hispania ilikuwa imeweka kikomo cha miaka 50 kwa mikataba hii tangu 1998, na Mahakama yao ya Juu mwaka 2015 ilitangaza mkataba usio na mwisho kuwa batili. Ila msije mkaichukua sheria ya huku mkaipeleka Durban.

Yaya wa Ruashi, Johannesburg

Napokea hapo hapo. Afrika Kusini inayotuhusu ni sheria ya kulinda walaji, namba 68 ya 2008. Kifungu cha 16 kinasema: kama ni muuzaji aliyekufuata wewe, si wewe uliyemtafuta, una siku 5 za kazi za kufuta bila sababu wala faini. Kufuta ni kwa maandishi, au kwa njia nyingine inayoacha kumbukumbu. Simu tupu haitoshi, na ahadi ya binti mpole haitoshi. Tuma barua pepe, hifadhi nakala yenye tarehe, na kama bado uko mjini peleka karatasi mkononi na wakupigie muhuri kwamba wameipokea.

Kwa hiyo shemeji yako hakukosea, mama. Lakini fikiria mwenyewe: umetia sahihi Alhamisi, Jumapili unapanda ndege ya Lubumbashi, mkataba ni wa Kiingereza kurasa arobaini, na Jumatatu watoto wana homa. Siku 5 zinakwisha ukiwa bado hujafungua mizigo. Na pesa ikishatoka kwenye karta, kuirudisha ukiwa Katanga ni vita. Mimi kufuta naona ni dawa ya aliyekwisha kuumwa. Usiifanye kuwa njia yako.

Muzee wa Kamalondo

Wanangu, mimi nilinunua. Milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, zamani, watoto wangu wakiwa wadogo. Sitasema nilijuta siku zote, kwa sababu miaka sita ya kwanza tulikwenda na tulifurahi, na picha zipo ukutani. Mahali penyewe ni pazuri.

Tatizo ni ada ya matunzo. Unalipa kila mwaka uende usiende, na inapanda. Sasa watoto wamekua, wako Lusaka na Liège, mimi magoti hayataki milima, ada inaendelea. Nimejaribu kuuza. Hakuna anayetaka hata kwa bei ya gari bovu. Pale mezani waliniambia ni mali ya kurithisha. Nilichowaandalia watoto wangu ni deni dogo la kila mwaka.

Mama wa Katuba, chukua bei yako. Randi 60,000 ukizigawa kwa miaka kumi ni 6,000 kwa mwaka. Ada yangu ni randi 8,000 na zaidi. Hiyo ni 14,000, bado hujakata tiketi ya ndege. Mwaka juzi kijana wangu alikodi wiki katika jengo lilelile, kwa mwenye wiki ambaye hakuweza kwenda, kwa 11,000. Wako wengi wanaokodisha hivyo ili tu warudishe ada yao. Na uliza rangi ya wiki: nyekundu ndiyo ya watu wengi, bluu ni ya msimu wenye watu wachache. Mwanzoni mwa mwezi wa saba watoto wa huko nao wako likizo, kwa hiyo wiki ya bei rahisi haitakuwa ile ambayo shule zetu zimefunga.

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Papa wa Kamalondo, Mungu akubariki. Nimemsomea bwana yangu ujumbe wako mara mbili, akanyamaza, kisha akaomba kalamu apige hesabu mwenyewe.

Tumekubaliana: tunakataa njiani, wala hatukai. Wiki tutakodi kwa mwenye nayo, Yaya wa Ruashi atatusaidia kusoma karatasi. Karta itabaki na kikomo chake kilekile. Na uShaka, ile bustani ya samaki na michezo ya maji ya Durban, tutawapeleka watoto kwa pesa yetu.

Mama Nguba, lililobaki ni la watoto. Wa kati bado anaamini alishinda. Wako uliwafundishaje?

Mama Nguba, Bukavu

Tuliigiza sebuleni. Baba yao alishika karata, akatabasamu, akawaita kwa majina. Wa kwanza alipokea mara moja. Tulirudia jioni tatu mpaka mdogo, ana miaka mitano, akaweka mikono nyuma na kusema, "Uliza mama."