Mtibwa imeshuka daraja: tumlaumu nani?

Mwana Turiani (mwanzisha mada, Mei 2024)

Basi tena. Mashujaa wametupiga 3-2 pale Lake Tanganyika, Kigoma, na hesabu imefungwa. Msimu ujao Mtibwa Sugar, timu yetu ya kiwanda cha sukari hapa Turiani, Morogoro, tuko Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu. Timu iliyokuwa Ligi Kuu mfululizo tangu miaka ya 1990, bingwa wa 1999 na 2000, inashuka na mji hata haushtuki. Nimepita vijiwe kadhaa leo, habari ni Simba anamsajili nani.

Mwenzenu Kigoma haikuniuma sana. Iliyoniuma ni Mei 13, uwanjani kwetu Manungu. Yanga walikuja kutafuta ubingwa, sisi tunatafuta kubaki. Tukatangulia kufunga. Walivyosawazisha, kelele zilizopigwa zilizidi zile za goli letu. Nyumbani kwetu hapo! Mpira ukaisha 3-1, Yanga, hao Wananchi, wakasherehekea ubingwa wa 30 juu ya nyasi zetu Wakata Miwa, na watu wa Turiani wakawasindikiza hadi kwenye basi.

Ndiyo maana naleta mada. Wengi wanalaumu benchi la ufundi: Habib Kondo aliondolewa mapema, akarudi Zuberi Katwila. Katwila huyo ndiye aliyetupa Kombe la FA mwaka 2018 tulipoifunga Singida United 3-2 pale Arusha, sasa leo amesahau kufundisha? Mimi nasema timu imekufa kwa sababu haina mwenyewe nje ya ofisi ya kiwanda. Hakuna mwanachama, hakuna mkutano, hakuna wa kusimama aulize hela ya mchezaji aliyeuzwa imenunua nini. Nakosea wapi?

Reli Zamani

Unakosea kwenye historia, mdogo wangu. Sisi wa Morogoro mjini tumezika timu za wananchi kwa mikono yetu. Mseto ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulitoa kombe la ligi Dar es Salaam, mwaka 1975. Leo iko wapi? Reli tuliiita Kiboko ya Vigogo, Simba na Yanga wakija uwanja wa Jamhuri wanajua wana kazi. Iko wapi? Huko Mbeya, Tukuyu Stars walikuwa mabingwa 1986, waulize vijana wa leo kama wanaijua.

Wanachama walikuwepo, mikutano ilikuwepo, na ugomvi ulikuwepo wa kutosha. Kilichokosekana ni nauli ya kwenda Mwanza. Kiwanda kimelipa nauli na mishahara miaka yote hiyo bila kuomba mchango wa mtu. Wewe ulichangia nini zaidi ya kiingilio? Tena kama ulilipa.

Mwana Turiani

Shikamoo mzee. Nililipa, na jezi ninayo. Lakini unanipa mfano wa timu zilizokufa na njaa, na mimi nazungumzia timu iliyokuwa inashiba. Mwaka 2016 Simba walichukua watatu kwetu kwa mpigo: Kichuya, Muzamiru na Mohamed Ibrahim. Dante akaenda Yanga. Baadaye Kibwana Shomari na Dickson Job nao wakaenda Jangwani, kwa Yanga hao hao. Hao wote tumewalea sisi. Vijana wetu wa U20 wamebeba ubingwa wa taifa zaidi ya mara moja. Sasa shamba linalotoa mavuno hivyo, mbona ghala liko tupu?

Jangwani

Poleni jamani, ila Job na Kibwana asanteni sana. Tunawatunza vizuri.

Kijiwe cha Msamvu

Wewe wa Jangwani tulia kidogo, wakubwa wanaongea.

Mimi siko kwa mzee wala kwa mleta mada. Tazameni ligi yenyewe. Timu 16, mbili zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakwenda mchujo. Yaani robo ya ligi inalala macho wazi kila mwaka. Juu kule, tangu Mtibwa achukue 2000, kombe limekwenda kwa Simba na Yanga tu, ukimtoa Azam wa 2014. Zamani mchezaji mzuri wa Manungu alikaa miaka minne mitano, Mecky Mexime alikaa hadi akawa nahodha na kocha. Siku hizi kijana akicheza mechi kumi nzuri kwenye runinga, simu zinaanza.

Na kigogo anaruhusiwa wageni 12. Ana Mzambia, ana Mburkinabe, ana Mkongo. Wewe unamkabidhi beki wa miaka 19 amkabe Aziz Ki wa Yanga. Pesa za Azam Media za kuonyesha ligi zipo, mkataba wa 2021 ni bilioni 225.6 kwa miaka 10, lakini fungu la timu ya chini haliwezi kumzuia mchezaji anayeitwa na Simba. Hata Mtibwa ingekuwa na wanachama laki moja, Job angeondoka tu.

Mwana Turiani

Aondoke, sawa. Nani amekataa? Nauliza aliyeingia badala yake.

Dada wa Mvomero

Naomba niseme kitu ambacho wanaume mnakizunguka. Manungu iko ndani ya shamba la miwa. Ukitoka Morogoro mjini ni safari, mechi nyingi zinachezwa siku ya kazi saa kumi jioni, na mvua ikinyesha uwanja unakuwa tope. Mtu wa mjini anakuja kufanya nini? Anakuja siku ya Simba na Yanga tu, na anakuja na jezi ya Simba au Yanga. Sisi tuliobaki, wafanyakazi na watu wa vijiji vya jirani, ndiyo tunaojua jina la kipa wa akiba.

Lakini tope hilohilo lilikuwa silaha yetu. Januari 2022 Simba walikuja pale wakatoka 0-0, wakaondoka wanalalamikia uwanja. Sasa kila mtu anataka tuhamie Jamhuri ili tupate watu. Tukihamia tutapata watu wao, silaha tutakuwa tumeiacha Turiani.

Reli Zamani

Dada umenena. Na hapo ndipo kijana wetu anapojidanganya kuhusu uanachama. Anadhani Mtibwa haina mashabiki kwa sababu ni ya kiwanda. Coastal Union si ya kiwanda, ni ya Tanga, bingwa wa 1988, nayo imewahi kushuka kama wengine. Pamba ilikuwa bingwa 1990, ikashuka, na Mwanza nzima ikakaa zaidi ya miaka 20 inaimba habari za zamani mpaka juzijuzi imepanda tena. Mtanzania anazaliwa na Simba au Yanga kichwani, timu ya mkoa anaipa salamu tu. Uniambie uanachama utaliondoa hilo.

Mwana Turiani

Hautaliondoa, mzee. Hapo nakubali, shabiki wa Morogoro tumegawana na Simba na Yanga wa Kariakoo toka zamani. Ila Pamba uliyoitaja imekaa chini miaka yote hiyo na haikufa, kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa ife. Simba nao walipotaka mwekezaji, wanachama wakawekewa asilimia 51 kwenye mfumo. Sisi kiwanda kikiamka kesho kikasema bajeti ya mpira basi, tutajua kwa kusoma gazeti. Sijasema kiwanda kiondoke. Nasema kitupe viti. Watu watatu wa Turiani wakae kwenye kikao cha usajili, wasikie mchezaji kauzwa bei gani.

Kijiwe cha Msamvu

Watatu hao watachaguliwa na nani? Mkutano wa kwanza tu mtapigana viti.

Dada wa Mvomero

Wapigane, angalau tutajua kuna watu wanaitaka timu. Mimi naunga mkono viti, ila nina sharti: kwanza wabakize vijana wa U20 msimu mzima wa Championship. Wasilete wachezaji waliochoka kutoka timu nyingine eti wana uzoefu. Championship ni vumbi na safari ndefu, anayetaka kucheza atajulikana mapema.

Reli Zamani

Hilo la vijana naliunga mkono. La viti bado. Kiwanda kinachotoa hela ndicho kiamue, na kikikosea tukiseme kama tunavyokisema leo.

Jangwani

Mkipanda mtuambie, ila Job hatumrudishi.

Mwana Turiani

Baki naye, tutatoa mwingine. Safari hii tu bei isomwe mbele ya watu.