Vyombo vya mkahawa Lamu: vya kuni, vya tanuri la gesi au vya kiwandani?

Bint_Mkomani
Assalamu alaikum jamani. Kakangu anafungua mkahawa hapa Lamu, karibu na gati, wa viti 40, na kazi ya vyombo nimepewa mimi. Anataka sahani na bakuli zilizofinyangwa kwa mkono, rangi ya kijani cha bahari kama zile bakuli kongwe za Kichina zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka za ukutani. Chakula ni chetu: samaki wa kupaka, wali wa nazi, mchuzi wa kamba, ukwaju kwa wingi. Njia ninazoziona ni tatu. Kuna kina mama wafinyanzi upande wa Malindi, wanaochoma kwa kuni. Kuna fundi wa huko huko mwenye tanuri la gesi. Na kuna vya kiwandani vinavyouzwa Mombasa, vimetengenezwa vionekane kama vya mkono. Fundi wa gesi bei yake ni kama mara tatu ya vya kiwandani. Mngechukua ipi?

Fundi_Udongo
Waalaikum salaam dada. Mimi nafinyanga Malindi. Anza na moto, mengine yatajipanga. Moto wa kuni wa nje hufika kama nyuzi 600 hadi 800. Chungu hutoka hodari wa kupikia, lakini udongo unabaki na vitundu na unanyonya. Pakua mchuzi wa bizari kwenye sahani ya namna hiyo, kesho utaiona manjano na harufu haijatoka. Tanuri la gesi likipandishwa hadi 1,250 hivi, na udongo ukiwa wa kuhimili moto huo, unashikana ukawa kama jiwe, na glezi, yaani ule mpako wa nje wa chombo, inayeyuka juu yake ikawa kioo.

Ile rangi anayoitaka kakako inatokana na chuma kidogo kilichomo ndani ya glezi, kikichomwa kwenye moto ulionyimwa hewa. Gesi inaiweza. Kuni za nje haziiwezi, na tanuri la umeme la kawaida haliitoi kirahisi. Kwa hiyo kama rangi ndiyo moyo wa kazi, njia ni moja.

Halafu vipimo. Udongo hunywea ukikauka na ukichomwa, wa kwangu kwa asilimia 12. Sahani ya sentimita 28 mezani hufinyangwa karibu sentimita 32. Mwambie fundi wako unataka 28 *baada ya moto*, na uiandike kwenye makubaliano.

Mama_wa_Mambrui
Mwanangu, usituache nje haraka hivyo. Sahani sawa, mpe mwenye gesi. Lakini samaki wa kupaka na mchuzi wa kamba viletwe mezani ndani ya chungu, kwa sababu chungu kinashika joto mpaka mgeni wa mwisho anapakua. Kabla ya kukitumia, kichemshie uji mwepesi au maji ya mchele, wanga uzibe vile vitundu, kisha ukipake mafuta ya nazi. Na kisiachwe kimelowa usiku kucha.

Muulize mfinyanzi udongo kautoa wapi na kauchekecha vipi. Udongo wetu wa pwani huwa na vipande vya kombe na matumbawe. Moto ukiwa mkali vinageuka chokaa, chokaa inavuta unyevu wa hewa, inavimba, na baada ya siku kadhaa chombo kizima kinabanduka kibanzi cha ukubwa wa ukucha. Ukikiangalia hapo penye kovu utaona chembe nyeupe katikati. Chombo hicho usikipokee.

Mpishi_Shela
Mimi nawatetea wa kiwandani kidogo. Jikoni kwetu vyombo vinaoshwa haraka, vinapangwa juu kwa juu, vinavunjika. Sahani ya kiwandani ikivunjika Ijumaa, Jumatatu nimeshapata nyingine iliyo sawa nayo. Ya mkono utasubiri fundi ajaze tanuri, na rangi huenda isilingane. Ukienda kwa fundi, agiza akiba tangu mwanzo, kwa viti 40 usipungue sahani 60, na mkubaliane kwamba ataihifadhi hesabu ya mchanganyiko wa glezi yako.

Kabla ya kulipa nusu, omba sampuli tatu nne na uzitese. Weka kipande cha ndimu juu ya glezi usiku kucha. Asubuhi pakiwa pamefifia au pamebadilika rangi, glezi hiyo haistahimili asidi, na wewe unauza ukwaju! Muulize pia waziwazi kama ina madini ya risasi ndani yake. Kisha kwaruza na uma: glezi isiyong'aa hupendeza kwa picha lakini mara nyingi hubaki na mistari ya kijivu. Mwisho papasa kitako. Kikiwa na chenga kitakwaruza sahani iliyo chini yake.

Msafiri_Pate
Kwa nini msichukue vigae, vile vipande vya vyombo vya kale vinavyookotwa ufukweni Pate na Manda, mkavipachika kwenye sinia? Vingekuwa na historia.

Fundi_Udongo
Hapana ndugu yangu. Hivyo ni mambo ya kale na vinalindwa na sheria ya makumbusho ya 2006. Viacheni vilipo. Kigae kikiokotwa, hata mtafiti hatajua tena kilitoka mahali gani.

Bint_Mkomani
Ahsanteni sana. Nimeongea na kakangu. Sahani, bakuli na vikombe vya kahawa vitafinyangwa na fundi wa gesi, sampuli kwanza. Vyungu vya mchuzi kwa kina mama. Vya kiwandani tutanunua vichache vya wafanyakazi na vya chakula cha kubeba. Mama wa Mambrui, nitakutafuta in shaa Allah. Sasa vinafikaje salama?

Mpishi_Shela
Kwa barabara hadi Mokowe, kisha boti. Vingi havivunjiki njiani, vinavunjika ngazi za gati maji yakiwa yametoka, hamali anaposhuka na mzigo mzito. Kreti ndogo, sahani zisimame kwa ubavu, nyasi kavu katikati, na ukapokee mwenyewe maji yakijaa.