Ziara za Boma zihamie mtandaoni? Wana Iringa tujadiliane

Mlandege Mjini:
Kamwene wakuu. Naleta hoja, tuijadili kwa heshima. Boma letu la mjini, lile walilojenga Wajerumani, likawa ofisi ya serikali na tangu 2016 ni makumbusho: mimi naona ziara za shule, siku za wazi na mihadhara yote ihamie mtandaoni. Mwongozaji anashika simu, anapita chumba hadi chumba, shule ishirini zinaangalia kwa mpigo. Marekani walipofunga jengo la Bunge lao kwa wageni Machi 2020 kwa ajili ya korona, watu waliendelea kulitembelea kwenye kompyuta. Sisi tunashindwa nini? Nauli itapungua, na mzazi hatashinda roho juu akiwaza mwanawe yuko barabarani. Halafu tuseme ukweli, watoto wa vijijini ukiwaleta mjini wanachokumbuka ni chipsi tu.

Mwalimu wa Ilula:
Ya mtandao nitayajibu nikipoa. Hili la chipsi nakujibu sasa hivi.

Nimewahi kuleta darasa la sita hapo Boma. Wengine walikuwa hawajafika mjini hata siku moja, na Ilula si mbali, iko kwenye lami ya kwenda Dar. Walikuja sare zimepigwa pasi usiku, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia kwa kuwa kiwi hakuna. Binti mmoja aliingiza mkono dirishani kupima unene wa ukuta, ukazama mpaka kwapani. Akanigeukia: "Mwalimu, hawa walikuwa wanamwogopa nani?" Miaka kumi na minne nafundisha, swali hilo sijawahi kuulizwa darasani. Sasa niambie wewe, huyo alirudi nyumbani akikumbuka chipsi?

Mnyalukolo:
Ungemwambia walikuwa wanamwogopa babu yake. Tarehe 17 Agosti 1891 Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipita Lugalo na mizinga yake, Wahehe wakamshambulia, na hakutoka.

Uyole Stendi:
Sawa, ila msikuze mambo. Mwisho wa yote Wajerumani walimkamata Mkwawa, chifu wa Wahehe, wakamwua, wakaondoka na kichwa chake, mpaka Nyerere alipokirudisha.

Mnyalukolo:
Sentensi moja, makosa matatu. Hawakumkamata. Hawakumwua: alijipiga risasi mwenyewe tarehe 19 Julai 1898 walipomzingira, kwa sababu hakutaka wamtie mkononi akiwa hai. Na fuvu lililetwa na gavana Twining mwaka 1954, uhuru bado. Aliyelipokea ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, huyohuyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Kwamba waliondoka na kichwa, hapo umepatia.

Uyole Stendi:
Kukosea mwaka si kosa la jinai, kaka. Mtu wa Mbeya akitaja jina la Mkwawa mnamrukia utadhani ameingia shambani kwa mtu. Huyo ni shujaa wa nchi nzima, tumemsoma wote shule ya msingi. Nami nilimsoma kwenye kitabu tu, makumbusho yake ya Kalenga sikupelekwa. Wenzangu waliopelekwa hawakosei.

Mnyalukolo:
Hakuna aliyekuzuia kumtaja. Nimekuzuia kumwua mara ya pili. Wajerumani waliivunja ngome yake ya Kalenga Oktoba 1894, wakahamia huku juu mlimani wakajenga mji wao. Hilo Boma tunalolizungumzia lina maana kwa ajili hiyo. Ukisimama pale ukatazama upande wa Kalenga unaelewa. Simu itakuonesha ukuta na meza.

Fundi wa Ipogolo:
Mimi kazi yangu ni simu, nizungumzie simu. Video ya moja kwa moja kwa saa nzima, picha ikiwa safi, inaweza kula GB nzima. Bando la nani? La mwalimu. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu naletewa hapa kila wiki, kioo kimepasuka au chaji haiingii. Halafu weka watoto hamsini mbele ya kishikwambi kimoja. Wa mbele wanaona Boma, wa nyuma wanaona visogo.

Bulongwa, Makete:
Nimewasoma tangu juu. Mdogo wangu anatumia kiti cha magurudumu. Shule ikienda ziara, gari linalokodiwa halina pa kukiweka, na huku kwetu barabara mnaijua wakati wa mvua. Hajawahi kwenda hata ziara moja, anabaki na mpishi wa shule. Kwake yeye hilo la mtandaoni lingekuwa neema. Hamwoni kuna watu wa namna hii?

Mama wa Stendi:
Mlandege, mimi nauza hizo chipsi unazozisema. Umenigusa nilipo. Watoto wa ziara nawafahamu sana. Wanakuja wanne na sahani moja, wanahesabu vipande. Kuna mvulana alikula viwili, vilivyobaki akachana karatasi ya daftari akavifunga. Nikamwuliza za nani? Akasema za bibi, hajawahi kuzionja. Viazi vyenyewe vinatoka Njombe, pengine bibi huyo ndiye aliyevilima. Nilimwongezea, sikumdai. Wewe uliyezaliwa mjini unaona chipsi ni aibu kukumbukwa?

Mlandege Mjini:
Mama yangu, shikamoo, na unisamehe. Sikukusudia riziki yako wala watoto. Lakini mbona hoja yangu imeachwa, tumebaki na chipsi na Mkwawa? Mwalimu ameeleza vizuri habari ya yule binti, sijabisha. Ninachouliza ni hiki: binti mmoja amefika, wangapi hawakufika kwa sababu mzazi alikosa mchango wa gari? Hao hawapati Boma wala picha yake.

Mwalimu wa Ilula:
Hapo sasa umeongea. Mimi nina darasa la watoto sitini na mbili, waliochanga walikuwa thelathini na mmoja, nusu kamili. Waliobaki niliwakuta kesho yake wamewazunguka wenzao, kila mmoja anasimulia lake. Hicho ndicho kilichoniuma. Lakini dawa yake ni kuwaleta wote, siyo kuwanyima wote. Kuna jambo moja zaidi. Watoto wetu jengo la serikali wanalijua kama mahali baba anapokwenda na bahasha na kurudi kaambiwa aje kesho. Siku ile waliingia mlango wa mbele, wakakaribishwa, wakaulizwa wana maswali gani. Mtoto akishaingia hivyo akiwa na miaka kumi na miwili, akikua hataogopa kuingia kwa mkuu wa wilaya kudai haki yake. Hilo simu hailiwezi.

Uyole Stendi:
Mwalimu, watoto wa kizazi hiki wanadai haki zao kwa simu hiyohiyo unayoidharau.

Mwalimu wa Ilula:
Siidharau, kijana. Nasema haina mlango.

Fundi wa Ipogolo:
Basi nani alipe gari? Tukubaliane hapo kwanza. Halmashauri? Makumbusho? Au wafanyabiashara wa mji tuchange? Mimi naweza kutoa mafuta ya safari moja, nimesema mbele ya watu.

Mama wa Stendi:
Mimi chakula. Sahani kila mtoto, siyo moja kwa wanne.

Mnyalukolo:
Mkifika Boma msiishie hapo. Kalenga ni mwendo mfupi tu, wakalione fuvu kwa macho yao.

Bulongwa, Makete:
Niliuliza, hakuna aliyenijibu. Mnapanga gari, yeye gari lenyewe hapandi.

Mwalimu wa Ilula:
Dada, nisamehe, hasira zilinipitisha. Kwa mdogo wako nakubali kabisa simu iwepo, na mtu aishike kwa utulivu asikimbie nayo, asimame hata kwenye lile dirisha. Anasoma darasa la ngapi?

Uyole Stendi:
Samahani kidogo. Fuvu lilitoka Berlin au Bremen? Mimi nimekariri Berlin.

Mnyalukolo:
Bremen.

Bulongwa, Makete:
La tano.